Kikombe Kimoja ni Gramu Ngapi? Cha Nini?

Wanaonijua wanajua nitaanzia wapi, basi wanivumilie. Kila wiki naulizwa: mwalimu, kikombe kimoja ni gramu ngapi? Nami kila wiki huuliza: kikombe cha nini? Mtu hununa. Anataka namba moja aibandike kwenye mlango wa kabati. Namba hiyo haipo, ndugu zangu.

Gramu ni uzito, kikombe ni nafasi. Kwa maji, mililita moja ni kama gramu moja, na maji ndiyo yaliyotupotosha. Vitu vikavu vina hewa kati ya chembe na chembe. Kikombe cha mililita 240 kikijaa sukari, ni gramu 200 hivi. Kikijaa unga wa ngano, 120 au 125. Kakao haifiki hata 100.

Sasa tazameni hapa mezani. Unga ni ule ule, kikombe ni kile kile. Kwanza nauvuruga kwa uma uingie hewa, nautia kwa kijiko polepole, nasawazisha kwa mgongo wa kisu. Mizani inasema 122. Haya, namwaga. Sasa nauchota kwa kikombe chenyewe kutoka kwenye mfuko, kama mnavyofanya nyote, msinitazame hivyo. 148. Mara ya tatu nachota, nagonga kikombe mezani, naongeza, nashindilia kwa kidole gumba. 165! Gramu 43 zimetoka wapi? Ni mkono tu. Mapishi yakitaka vikombe vitatu, aliyeshindilia ameongeza gramu 129, zaidi ya kikombe kizima cha yule wa kwanza. Halafu keki ikitoka kama tofali, lawama zinakwenda kwa mayai. Au oveni. Masikini oveni.

Na kabla sijasahau: "kikombe cha unga uliochekechwa" na "kikombe cha unga, kisha uchekeche" si kitu kimoja. Wa kwanza unachekecha ndipo unapima, wa pili unapima ndipo unachekecha. Someni hadi mwisho wa mstari, jamani.

Najua kuna mtu pale nyuma anajisemea: mama yangu hakuwahi kushika mizani, na mkate wake ulikuwa laini. Kweli kabisa. Mama yako alitumia kikombe kimoja miaka thelathini, kwa mkono ule ule, na donge likiwa gumu vidole vyake vilijua, akaongeza maji. Mizani yake ilikuwa vidoleni. Wewe unapika mapishi ya mtu usiyemjua, aliyetumia kikombe usichokijua. Kikombe cha Australia ni mililita 250, cha Marekani kama 237, cha Japani 200. Vidole vya mama havipo hapo.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Chukua kikombe chako, kijaze unga kwa namna yako ya kila siku, pima, rudia mara tatu, tafuta wastani, uandike kwenye kopo la unga. Ukipata 140, basi mapishi ya gramu 350 kwako ni vikombe viwili na nusu. Sukari ipe namba yake, mchele namba yake. Hiyo ndiyo orodha ya kubandika kabatini.

Naonyeshwa saa. Haraka basi: chumvi. Kijiko cha chai cha chumvi laini ni kama gramu 6. Ya chembe kubwa yaweza kuwa nusu yake, kwa hiyo msizibadilishane kijiko kwa kijiko. Kijiko kikubwa ni mililita 15, ila Australia ni 20. Na kwa hamira ya gramu mbili tatu, hapo nakubali, kijiko kinashinda: mizani nyingi za jikoni hazisomi chini ya gramu moja, na kosa la gramu moja katika mbili si dogo.

Sukari ya kahawia, ile ya kushindilia, sikuifikia. Anayeitaka abaki, mizani bado iko mezani na nimeleta kilo nzima.