Mtoto katumwa dukani, karudi na nusu ya vitu

ZUWENA: Asalaam aleikum wasikilizaji, tupo hapa Unguja, mvua inapiga mabati kwa hiyo mkisikia kelele nyuma mtuvumilie. Maalim leo kaja na mambo ya ubongo.

MAALIM HAJI: Waaleikum salaam. Kumbukumbu tendaji. Na kabla hujaniuliza ndo nini, n'takupima kwanza. 4, 9, 1, 6, 2, 7. Nirudishie.

ZUWENA: 4, 9, 1, 6, 2, 7. Nyepesi mno hiyo.

MAALIM HAJI: Haya, nyengine. Ila safari hii mie nikisoma na wewe unasema "chai chai chai" mfululizo, usinyamaze mpaka nimalize. 8, 3, 5, 9, 2, 6.

ZUWENA: Chai chai chai chai... 8, 3... 9... aah! Zimeshapotea. Wallahi nimezisikia zote!

MAALIM HAJI: Umezisikia sana tu. Nilichokunyang'anya ni mdomo. Unajua ile mara ya kwanza ulifanya nini? Ulikuwa unazirudia kimoyomoyo. Kuna sehemu wataalamu wanaiita kitanzi cha sauti, kinashika maneno kwa sekunde chache tu, usipoyarudia yanafifia, sasa mdomo ukishughulishwa na chai, hata ile sauti ya ndani haipati nafasi.

ZUWENA: Kwa hiyo hiyo ndo kumbukumbu tendaji yenyewe?

MAALIM HAJI: Kipande chake. Kumbukumbu tendaji ndo ile inayoshika mambo kichwani kwa muda mfupi huku unayafanyia kazi. Mwaka 1974 Waingereza wawili, Alan Baddeley na Graham Hitch, waliwapa watu namba za kushika kichwani na huku wanawapa maswali ya kufikiri. Ingekuwa kichwani mna kisanduku kimoja tu, kikijaa namba basi na kufikiri kungekwama. Watu wakapungua kasi, ila hawakukwama. Wakasema basi, vipande viko zaidi ya kimoja: hicho kitanzi cha maneno, ubao wa kuchorea picha na mahali, na msimamizi anayeamua macho ya akili yaelekee wapi. Mwaka 2000 Baddeley akaongeza cha nne cha kuunganisha hivi vyote na yale unayoyajua zamani, hicho tukipite leo.

ZUWENA: Ubao wa picha ndo nikikuelekeza njia kutoka Darajani mpaka Malindi ukawa unaiona?

MAALIM HAJI: Ndo huo huo. Lakini mie kitanzi ndo kinanifurahisha, kwa sababu kina kipimo cha ajabu. Hakihesabu maneno, kinahesabu muda. Mwaka 1975 Baddeley na wenzake waliona mtu anashika takriban yale anayoweza kuyatamka ndani ya sekunde 2. Maneno mafupi unashika mengi, marefu machache. Halafu mwaka 1980 wakapimwa watu wa Wales wanaosema Kiwelisi na Kiingereza, kwa Kiwelisi wakashika namba chache zaidi, maana kule namba zinachukua muda kutamka. Wakizuiwa kujirudia, kama ulivyozuiwa wewe na chai, tofauti ikaondoka.

ZUWENA: Mmh! Sasa ile saba inayosemwa kila siku, kwamba mtu anashika vitu saba?

MAALIM HAJI: Ya George Miller, Mmarekani, 1956. Nelson Cowan mwaka 2001 akasema ukimzuia mtu asijirudie na asifungashe vitu, vinabaki kama vinne. Kufungasha ndo muhimu. Namba ya simu ya hapa ikianza 0777, wewe unahesabu tarakimu nne?

ZUWENA: Hata! Hiyo moja.

MAALIM HAJI: Basi. Mgeni wa jana anashika nne.

ZUWENA: Sasa Maalim nisikilize. Mtoto unamwambia tungule, mbatata, thomu, ndimu na bizari, anarudi na tungule na bizari, halafu watu wazima wanasema mtoto huyu hasikii.

MAALIM HAJI: Anasikia! Tena uwezo wake mdogo kuliko wako, kumbukumbu hii inakua mpaka ujanani. Halafu mfuate huko uchochoroni. Anatoka anajirudia, tungule mbatata thomu, hajafika mbali wazee barazani, "we mtoto, husalimii?" Shikamoo, marahaba, baba yuko wapi, kenda kazini, mama hajambo, hajambo. Kila jibu ni "chai chai chai" lako. Akifika kwa muuza duka limebaki la kwanza na la mwisho. Na asiposalimia kapata kesi nyengine.

ZUWENA: Adabu zimemponza, masikini.

MAALIM HAJI: Na skuli mambo ndo hayo hayo. Mwalimu anasema fungueni kitabu, ukurasa fulani, fanyeni la tatu mpaka la sita, mkimaliza mistari chini, yote kwa pumzi moja, halafu mtoto anaitwa mvivu. Mie hilo linaniudhi kweli. Andika ubaoni, umemaliza.

ZUWENA: Na hizi gemu za simu za kuongeza kumbukumbu? Mie moja nailipia.

MAALIM HAJI: Utakuwa hodari wa gemu hiyo. Tafiti zimeona hivyo mara nyingi, mtu anapanda kwenye zoezi lenyewe na yanayofanana nalo, ukimpeleka kwenye hesabu au kusoma faida haionekani sana.

ZUWENA: Kumbe pesa nazitupa?

MAALIM HAJI: Kama inakuburudisha cheza, yakhe. Ila ya dukani mwandikie mtoto kikaratasi.