Mtoto wa mbwa anajikuna? Subiri kwanza kabla hujamwaga dawa

(Mhadhara kwa wafugaji wa mbwa, Tanga mjini)

Asalaam aleikum, shikamooni wazee wangu, vijana mambo vipi. Naona mpaka wa Pongwe na Sahare wamo, na wengine mmekuja na wanyama kabisa, hao ntawaangalia tukimaliza.

Leo nna neno moja tu. Kujikuna siyo ugonjwa, ni dalili, na mtoto wa mbwa anayejikuna kutwa unaweza ukamuua kwa dawa kabla hata hujajua anaumwa nini. Nasema hivi maana sisi hapa ni watu wa ng'ombe wa maziwa, dawa ya kuogeshea iko ndani, sa mbwa akianza kujikuna inachukuliwa ile ile, inamwagwa kwa kukadiria kwenye ndoo, kitoto cha wiki sita kinatumbukizwa mzima mzima. Jamani ile imepimwa kwa mnyama wa kilo 300! Kama ni ya amitrazi, sumu ya kuua kupe, kitoto kinajilamba, jioni kinalegea, mwili unapoa, mapigo ya moyo yanashuka, afu asubuhi mnasema kimelogwa. Na oili chafu ya gereji ndo usiseme, inaunguza ngozi, akiilamba inakwenda mpaka kwenye ini na figo. Wadudu wawili watatu watakufa, sikatai, lakini na mbwa je?

Haya, muwasho unatoka wapi. Mara nyingi ni viroboto, tuanze nao. Chukua tishu nyeupe uilowanishe, mchane mbwa kiunoni karibu na mkia kwa kitana, zile chembe nyeusi zidondoshee kwenye tishu. Zikitoa rangi ya kahawia nyekundu basi ile ni damu, ni kinyesi cha kiroboto, hata kama kiroboto mwenyewe humuoni. Na mfunue mdomo uangalie fizi, zikiwa nyeupe usingoje kesho, kitoto kidogo kinanyonywa mpaka kinaishiwa damu na kinakufa kweli.

Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri. Kiroboto jike anataga mayai mpaka 40 hivi kwa siku na hayakai kwenye manyoya, yanadondoka chini, kwenye gunia, kwenye mchanga wa banda, kwenye kona za ukumbi. Yanatoka vijifunza vinavyokimbia mwanga, vinajifungia kwenye kifuko, na humo vinaweza kungoja hata miezi mpaka visikie mtikisiko wa mtu au mnyama kapita. Ndo maana unafungua nyumba iliyofungwa muda mrefu viroboto wanakupanda miguuni. Joto letu hili la pwani na unyevu wake wanaupenda sana, wiki tatu nne kizazi kipya kimeshatoka. Kwa hiyo wale unaowaona kwa mbwa ni wachache, wengi wako bandani, na ukimtibu mbwa ukaliacha banda umetupa hela. Magunia fua kwa maji ya moto au choma kabisa, mchanga wa juu toa, fagia kila siku, banda lipate jua. Na tibu wote, mama yao, na paka pia, ila paka msimpake dawa ya mbwa yenye permetrini, inamuua.

Dawa zenyewe: fipronili ya kupuliza inafaa hata kwa kichanga cha siku mbili, vile vidonge vya kutafuna vya fluralana na afoksolana ni kuanzia wiki 8 na kilo 2. Huna hela? Maji vuguvugu, shampuu ya watoto, kitana, kila kiroboto unachomoa unamzamisha kwenye maji ya sabuni. Inachosha lakini inasaidia. Na muulizie dawa ya tegu, maana akimeza kiroboto anapata tegu, utaona vipande kama mchele kwenye mkundu.

Upele ni mwingine. Huo unaanzia pembeni mwa masikio, viwiko na tumbo, anajikuna mpaka hali, na watoto nyumbani nao wanatoka vipele mikononi na kiunoni. Sugua ukingo wa sikio lake, mguu wa nyuma ukianza kupiga piga hewani shuku upele. Tunakwangua ngozi tunaangalia kwa hadubini, ingawa utitiri, vile vijidudu vidogo sana vinavyoleta upele, unajificha, usipoonekana haina maana haupo. Sindano ya ivamektini msijichomee, ile ya ng'ombe ni kali na kuna mbwa wa damu ya koli, wale wa Kizungu wa kuchunga kondoo, hawaivumilii kabisa.

Akinyonyoka tu kuzunguka macho na mdomo bila kujikuna sana, ni utitiri wa aina nyingine, alioupata kwa mama siku za mwanzo, wengi wanapona wenyewe. Huyo akichomwa sindano ya kukata muwasho, ile ya steroidi, ndo unamharibu, kinga inashuka utitiri unasambaa mwili mzima. Sipendi kabisa mtindo wa kuchoma sindano ile kila mbwa. Mabaka ya duara ni choa, inaambukiza watu, osha mikono.

Mama hapo mbele kauliza kama dagaa anaokula mbwa ndo wanamuwasha. Mama yangu, chakula kinaweza kuwasha, ila ni mara chache kuliko viroboto, na kukijua ni kumbadilishia chakula kabisa wiki 8 hivi, siyo kuacha dagaa siku mbili.

Na kijana wa Raskazone uliyeuliza kama umwogeshe mbwa kwa maji ya bahari, hapana. Viroboto wa bandani maji hayo hayawafikii, upele uko ndani ya ngozi, vidonda vitamchoma na akiyanywa ataharisha.

Mtakaoleta watoto wa mbwa kesho asubuhi msiwaogeshe kwanza, mkiosha mnaondoa ushahidi. Njooni na kopo au pakiti ya dawa yoyote mliyokwisha mpaka, hata kama haina lebo, na mtu wa nyumbani anayejikuna naye aje nimuone mkono.