Kupima mzio wa matunda kwa kuchoma ngozi: lanseti moja, tunda moja

Karibuni tena, wauguzi wenzangu na wanafunzi. Leo tunapima mzio wa matunda na mboga kwa kuchoma ngozi kwa lanseti, yaani kisindano kifupi chenye ncha kali, na tunatumia tunda lenyewe la sokoni. Wewe unayetazama ukiwa jikoni kwako, tazama tu, usijaribu. Hapa pembeni, mpiga picha sogea kidogo, hii ni adrenalini, sindano ya kumwokoa mgonjwa mzio ukimzidi: mtu mzima miligramu 0.5, msuli wa paja. Kama haipo mezani, sianzi.

Dada yetu huyu ni msusi. Akila parachichi au ndizi mdomo unamwasha, na akivaa glavu za mpira mikono inamtoka vipele. Malalamiko hayo mawili yakija kwa mtu mmoja, shtukeni: kuna protini za utomvu wa mpira zinazofanana na za ndizi, parachichi na kiwi. Ndiyo maana mimi leo nimevaa glavu za naitraili, zisizo na utomvu huo.

Kunawa na kusafisha mkono mnajua. Setirizini, dawa yake ya mzio, aliacha wiki iliyopita, vizuri. Ila muulizeni mgonjwa na Piriton, kwa jina lake, maana wengi wanaihesabu dawa ya mafua na hawaitaji kabisa. Ikiwa mwilini, majibu yote yanalala.

Chora alama upande wa ndani wa mkono, ziachane sentimita 3. Histamini, kemikali ile ile inayovimbisha ngozi wakati wa mzio, hapa; maji ya chumvi pale. Histamini lazima ivimbe, maji ya chumvi yasivimbe. La sivyo kipimo hakisomeki.

Sasa tunda. Choma parachichi, halafu lanseti hiyo hiyo ichome ngozi. Juu juu tu, damu isitoke. Tupa. Chukua mpya, ndizi. Tupa. Mpya, papai. Lanseti moja, tunda moja! Kuna dawa za kupimia za chupa, lakini protini nyingi za matunda huharibika upesi zikitengenezwa na kuhifadhiwa, kwa hiyo mwambie mgonjwa aje na aina ile ile iliyomsumbua. Akija na tufaha, choma ganda peke yake na nyama peke yake, kwa sababu kuna protini zinazokaa zaidi gandani.

Nyanya... ngoja, ngoja. Leta kamera. Mnaona? Imedondosha, na maji yake yameteremka mpaka alama ya ndizi. Hiyo ndizi siisomi tena. Pole dada, lete mkono wa pili, tunarudia ndizi na nyanya. Nyanya ikusanyie tone dogo tu, mkono uwe umelala mezani. Na ukikausha, bonyeza kwa tishu, kila alama na tishu yake. Usiburute. Nasema tena, usiburute, utachanganya matunda yote hapo.

Tunasubiri dakika 15 hadi 20. Dada, usijikune! Najua histamini inawasha.

Haya, rula. Tunapima uvimbe, wekundu tunauacha. Pima upana mkubwa, kisha unaoukata, tafuta wastani. Maji ya chumvi sifuri. Parachichi milimita 6, ndizi 5, papai hakuna kitu. Kuanzia 3 zaidi ya maji ya chumvi tunahesabu chanya. Nyanya 3.

Msiandike mzio wa nyanya! Nimemuuliza, kachumbari anakula kila siku na hawashwi. Kipimo kinaonyesha mwili unaitambua nyanya, basi; mzio unathibitishwa na yanayompata akila. Tena nyanya yenyewe huchubua ngozi. Nimejichoma na mimi, huyu hapa, nimevimba pia, na nyanya ndiyo mboga yangu ya kila siku. Parachichi na ndizi, hizo zinalingana na maelezo yake, ataziacha mpaka amwone daktari, na kipimo cha mpira kinafuata.

Mnaoniuliza kuhusu embe, linalovimbisha midomo siku ya pili baada ya kulimenya kwa meno: hilo ni utomvu wa ganda, halionekani kwa lanseti. Linapimwa kwa plasta ya mgongoni inayokaa siku 2, na video yake nitairekodi msimu wa maembe ukianza.