Mgonjwa Asiwe Tarishi Wetu

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Ahsanteni kwa kunialika.

Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, hospitali na zahanati za umma hapa Mombasa ziko mikononi mwa kaunti. Afisa wa watoto, afisa wa maendeleo ya jamii na fedha za Inua Jamii, mpango wa kuwapa pesa wazee na wasiojiweza, wamebaki serikali ya kitaifa. Katiba, kifungu cha 6, inazitaka serikali hizi mbili zishauriane na kushirikiana. Huku wodini, ushirikiano wenyewe mara nyingi ni namba ya simu ya mtu unayejuana naye. Akipewa uhamisho, basi.

Hebu mfikirieni bi kizee wa Mtongwe, umri umepita miaka 70, ana sukari na amekatwa mguu. Daktari amemruhusu kwenda nyumbani. Karatasi yake imeandikwa dawa na tarehe ya kliniki. Haikuandikwa kwamba anaishi na mjukuu wa darasa la sita, wala nani atamvusha feri kuja kusafishwa kidonda. Kwa umri wake angeweza kuombewa ile Sh2,000 ya Inua Jamii kila mwezi, lakini wa kumwandikisha hana habari kama yuko wodini, na muuguzi hajui amwelekeze ofisi gani. Mjukuu naye anaanza kukosa shule ili amwuguze bibi yake. Afisa wa watoto ataambiwa na nani?

Fomu ya rufaa, ile ya kumwelekeza mgonjwa kwa huduma nyingine, ina sehemu ya chini ya majibu: nani amempokea mgonjwa, lini, amesaidiwaje. Sehemu hiyo ndiyo inayoniuma. Hairudi. Tunampa mgonjwa bahasha, tunamfanya tarishi wetu, kisha tunahesabu rufaa kuwa imekamilika.

Wenzangu wengine wanahofia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Sheria hiyo haikutufunga midomo. Mwulize mgonjwa, akikubali peleka lile linalohitajika tu, si faili zima.

Wahamasishaji wa afya ya jamii wanaingia majumbani kila siku na wanajua nani amelala njaa. Wanachokosa ni mtu wa kumwambia upande wa ustawi wa jamii.

Ninachoomba ni kidogo. Kila kaunti ndogo, zote sita, iwe na mtu mmoja wa afya na mmoja wa ustawi wa jamii, wanaokutana kila wiki na kupitia rufaa ambazo hazijajibiwa. Karatasi ya majina iko pale mlangoni. Wakuu wa idara, naomba mwandike ya watu wenu leo.