Kiti cha Selo: Watunzi wa Bohemia na Muziki wa Chumbani Ugenini

Mabibi na mabwana,

Mwaka 1784, mjini Vienna, nyumbani kwa mtunzi Mwingereza Stephen Storace, watunzi wanne waliketi kupiga kwarteti, yaani muziki wa chumbani wa ala nne. Haydn alishika fidla ya kwanza, Dittersdorf ya pili, Mozart viola, iliyo kubwa kidogo kuliko fidla, na Vanhal selo, ala kubwa zaidi ya ukoo huo yenye sauti nzito. Mwimbaji Michael Kelly, aliyekuwapo, aliandika baadaye kwamba hakuna hata mmoja wao aliyekuwa bingwa wa ala aliyoishika, ingawa elimu ya muziki haikuwapungukia.

Leo naomba tumwangalie huyo aliyeketi kwenye kiti cha selo. Jan Křtitel Vaňhal, ambaye Wajerumani waliandika jina lake Wanhal, alizaliwa mwaka 1739 huko Nechanice, Bohemia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Chechia, katika familia ya wakulima waliofungwa kwenye ardhi ya kabaila. Mtu wa hali hiyo hakuweza kuhama wala kuoa bila idhini ya bwana wake, na vifungo hivyo havikulegezwa hadi amri ya Kaisari Joseph wa Pili ya mwaka 1781. Mke wa kabaila mmoja alivutiwa na upigaji wa kijana huyu akampeleka Vienna, naye huko akafundisha, akatunga na kudunduliza akiba mpaka akajinunulia uhuru wake. Vitabu vingi huligusa jambo hili kwa mstari mmoja, nami naona ni haki tulitafakari: mtu alijikomboa kwa ujira wa muziki, kisha akaishi miaka mingi bila kuajiriwa na bwana yeyote, akiuza kazi zake kwa wachapishaji, zikiwamo kwarteti zinazokaribia mia.

Vipaji hivyo vilichipuka katika shule za kawaida. Mwaka 1772 msafiri Charles Burney alipita Čáslav, akakuta darasa la watoto wadogo, wavulana kwa wasichana, wakijifunza kusoma na kuandika huku wengine wakipiga fidla na ala za kupuliza, yaani obo na basuni. Katika mji huohuo ndiko alikozaliwa Jan Ladislav Dussek, mtoto wa mwalimu na mpiga kinanda wa kanisa, aliyekuja kuwa mpiga piano mashuhuri mjini London. Tatizo ni kwamba nchi ililea wanamuziki wengi kuliko nafasi zilizokuwapo, kwa kuwa mfalme na makabaila wakubwa walitumia fedha zao Vienna. Mtunzi Stamitz akaenda Mannheim, Ujerumani, Mysliveček Italia, na Kramář akaenda Vienna, ambako jina lake likawa Krommer.

Anayenigusa zaidi ni Antonín Rejcha, au Anton Reicha. Alizaliwa Praha mwaka 1770, akalelewa na baba yake mdogo aliyekuwa mpiga selo, na mjini Bonn akapiga filimbi katika okestra ambamo Beethoven, waliyelingana umri, alipiga viola. Baada ya Hamburg, Paris na Vienna, alirudi Paris mwaka 1808 na kubaki huko hadi kifo chake mwaka 1836, akiwafundisha Berlioz, Liszt na Franck.

Huko Paris alitunga kwinteti 24, yaani kazi za ala tano: filimbi, obo, klarineti, honi na basuni. Kwarteti ya nyuzi ni mazungumzo ya ndugu wa tumbo moja, maana fidla, viola na selo zina sauti za ukoo mmoja. Ala tano za Reicha ni wageni waliokutana barazani, kila mmoja na lafudhi yake, na kazi ya mtunzi ni kumpa kila mmoja zamu ya kusema bila kumfunika mwenzake. Naamini mtu aliyeishi katika miji mingi ya watu aliijua kazi hiyo kwa maisha yake mwenyewe.

Ugumu ulikuwa mkubwa zaidi kwa mpiga honi. Honi ya Dauprat, aliyezipiga kwinteti hizo Paris, ilikuwa bomba tupu lisilo na vali, yaani vitufe vya kubadili noti, kwa hiyo alitia mkono ndani ya mdomo mpana wa honi hiyo, akiufunga na kuufungua ili apate noti ambazo bomba lenyewe halikuwa nazo. Noti iliyofungwa hutoka imefifia kidogo, kama mtu anayesema akiwa nyuma ya mlango.

Sasa tutasikiliza kwinteti ya pili ya Reicha katika Opus 88, yaani mkusanyo wa kazi zake wenye namba hiyo. Naomba masikio yenu yamfuate mpiga honi.