Kidole chenye maji ya chumvi

Haji: Assalaam alaykum, karibuni tena. Mimi Haji, nipo na Da Salma, tumejifungia kwenye chumba cha juu hapa Mkunazini. Mkisikia mvumo, hilo ni feni, na halizimwi.

Salma: Waalaykum salaam. Tulilizima mara ile, nikatoka humu nimerowa kama nimetoka kuoga. Leo liacheni. Haya, mdogo wangu, uliniahidi utakuja na aibu yako.

Haji: Nimekuja nayo nzima nzima. Kuna kikundi cha wakulima wa mwani upande wa mashariki, kijiji sikitaji, waliniomba programu ya kurekodi kilo. Mama akileta polo lake la mwani mkavu, linapandishwa mizani, karani anaandika jina na kilo kwenye simu, anabonyeza "Hifadhi". Mwisho wa mwezi hesabu inatoka. Nikajiambia, hii kazi ya wiki mbili.

Salma: Na ukaiandikia wapi?

Haji: Mezani kwangu mjini, kwenye emuleta, yaani simu ya kuigiza ndani ya kompyuta, na intaneti ya faiba. Ilikuwa inateleza kama samli.

Salma: Na ilipofika pwani?

Haji: Siku ya kwanza tu, mama aliyeleta polo moja la kilo 23 akaonekana kaleta kilo 92.

Salma: Mara nne!

Haji: Mara nne kamili. Na kwenye kikundi kilo ni pesa, kwa hiyo wenzake wakaanza kumtazama kwa jicho lile unalolijua. Aliyesimama pale akijitetea ni yeye, na mimi niliyekosea nipo mjini nakunywa chai.

Salma: Ukamlaumu nani?

Haji: Karani, nani mwengine? Nikasema huyu anabonyeza ovyo. Nikapanda daladala, nikaenda kukaa naye siku nzima. Yule dada kumbe anapokea mizigo huku anawasaidia wenzake wanaotoka majini, mikono haikauki. Kioo cha simu kinakitambua kidole kwa sababu mwili unapitisha umeme, na maji ya chumvi nayo yanapitisha umeme vizuri. Tone likibaki kwenye kioo, simu inaweza kulihesabu kidole. Kagusa mara moja, simu imesikia mara mbili. Halafu mtandao umelala, kitufe kimya, hajui kama kimekubali, anagusa tena. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Salma: Ningegusa tena. Sasa mtu wa kwanza atakayetusikiliza atasema, dawa yake rahisi, kifungie kitufe. Kikishaguswa kinageuka kijivu, basi.

Haji: Nilikifunga. Jioni yake rekodi mbili mbili zikarudi vile vile.

Salma: Hapo ndipo nilipomwambia aje kwangu, kwa sababu mimi ndiye mtu wa seva, ile kompyuta inayopokea na kutunza rekodi za simu zote. Wasikilizaji, lichukulieni hivi. Umemtuma mtoto dukani akanunue mkate. Nusu saa, harudi. Utajuaje kama hakufika, au kafika, kanunua, kisha kabaki njiani anacheza mpira? Kwako wewe uliye nyumbani, hali zote mbili ni moja: mtoto hayupo na mkate huna. Ukimtuma wa pili, usiku mtalala na mikate miwili na deni dukani.

Haji: Ndiyo hasa kilichotokea. Ombi lilifika, seva ikaandika, jibu likakatikia njiani. Simu ikaona imeshindwa, ikatuma tena. Kitufe hakina habari.

Salma: Sasa mpe mtoto kikaratasi chenye namba. Muuza duka akiiona namba ile ile kwa mara ya pili, anasema, huu nilishautoa, rudini nyumbani. Kwenye programu kikaratasi hicho ni UUID, namba ya biti 128 ambayo simu inajitungia yenyewe bila kuiuliza seva. Kwenye hifadhidata ya seva, safu hiyo unaiwekea sharti kwamba haijirudii.

Haji: Na hapa nilikosea mara ya pili, niseme tu. Namba nilikuwa naitunga wakati kitufe kinapoguswa.

Salma: Kwa hiyo kila mguso una namba yake mpya.

Haji: Kila mguso na kikaratasi chake! Muuza duka anaona wateja wapya tu. Namba itungwe fomu inapofunguliwa, ikae na ile rekodi mpaka mwisho wa maisha yake. Ukibonyeza mara kumi, ni namba moja.

Salma: Na upande wangu, wenzangu wa seva nisikilizeni. Ombi likirudi na namba ambayo unayo tayari, lipe jibu lile lile la mwanzo: sawa, imepokelewa. Usirudishe kosa. Nimeona mtu karudisha 409, namba ya kosa la mgongano, simu ikadhani mambo bado, ikawa inajaribu na kujaribu mpaka betri imekata roho na bando limekwenda.

Haji: Baada ya hapo nikaipindua programu yote. Mwanzo msimbo wangu ulikuwa unakwenda kwenye mtandao kwanza, ukifanikiwa ndio unaandika kwenye simu.

Salma: Afadhali umesema msimbo. Mwaka ule nilipomwambia mama naandika kodi, akadhani nimeajiriwa na watu wa mapato. Akawaambia majirani.

Haji: Ukapata heshima bure!

Salma: Nilipata wageni wenye matatizo ya leseni. Endelea.

Haji: Sasa "Hifadhi" inaandika kwenye SQLite, hifadhidata ndogo ndani ya simu, mimi natumia maktaba ya Room kuifikia, na karani anaona jibu papo hapo, mtandao uwepo usiwepo. Rekodi inapewa alama kwamba bado haijatumwa. Kutuma ni kazi ya WorkManager, msimamizi wa kazi za nyuma kwenye Android: naiambia, fanya pale tu mtandao unapopatikana, na ukishindwa subiri kisha ujaribu tena. Usipoigusa, inaanza na sekunde 30, halafu inaongeza mara mbili kila ikishindwa, 60, 120, inakwenda hivyo. Simu ikizimwa na kuwashwa, kazi bado ipo kwenye foleni.

Salma: Na msidhani haya ni ya shamba tu. Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari, sote tulikuwa shamba.

Haji: Siku zile programu yangu ya mwani ilikuwa inaandika, ya benki haifunguki. Nilitembea kifua mbele.

Salma: Lakini kuna jambo nilikugombeza. Ilikuwa inasema "Imetumwa" wakati haijatoka hata kwenye simu.

Haji: Kweli, nilikuwa namdanganya mtu. Sasa kuna maneno mawili tofauti: "Imo kwenye simu" na "Imefika". Karani akiona ya kwanza hana wasiwasi, na akiulizwa na mwenyekiti anajua la kujibu. Neno hilo la "imefika", Da Salma, ndilo lililoniletea kicheko cha mwaka.

Salma: Usiniambie uliunganisha maneno.

Haji: Niliunganisha. Nilikuwa na sentensi moja, nafasi tupu halafu "imefika". Jina la kitu linajazwa kwenye nafasi. Ikatoka "Picha imefika", safi. Ikatoka "Ripoti imefika", safi. Halafu ikatoka "Polo imefika", "Mzigo imefika", na mama mwenyekiti alipoingia kwenye mfumo, simu ikatangaza "Mwenyekiti imefika".

Salma: Umemtia mwenyekiti kwenye ngeli ya viti na meza!

Haji: Hata hiyo ningekuwa nimempa "kimefika". Nimemtia kwenye ngeli ya nyumba. Wale kina mama walicheka mpaka wakakaa chini. Mmoja akaniuliza, mwanangu, hii imeandikwa na Mzungu?

Salma: Na ndiyo, kwa namna fulani, maana mtindo huo wa nafasi tupu umetoka kwenye lugha ambayo kitenzi hakijali nani kafanya. Kiswahili kinajali. Kwa hiyo andika sentensi nzima kwa kila kitu: "Polo limefika", "Mzigo umefika", "Mwenyekiti amefika". Ni kazi ya dakika kumi zaidi. Na wingi pia usiutengeneze kwa kubandika namba mbele. Android ina sehemu yake ya umoja na wingi, na kwa Kiswahili inataka maumbo mawili tu, la moja na la mengineyo. "Polo 1 limefika." "Mapolo 3 yamefika."

Haji: Kuna watu wanaona hili jambo la urembo.

Salma: Mtu akisoma "Mwenyekiti imefika" kisha ukamwambia aiamini hesabu yako ya kilo, ataiamini vipi? Mimi nisingeiamini.

Haji: Haya, na saa. Hebu waeleze ulichokiona kwenye seva.

Salma: Niliona akina mama wanapima mwani saa nane za usiku. Wiki nzima. Nikasema, hawa watu wana bidii au kuna wizi? Kumbe programu ilimwomba karani aandike muda, na karani kaandika 2:00 kwa maana ya saa mbili asubuhi. Simu ikaelewa saa mbili ya kizungu, baada ya usiku wa manane.

Haji: Kosa langu tena. Leo inakuwa kesi dhidi yangu.

Salma: Umekuja nayo mwenyewe. Dawa ya kwanza, usimuulize mtu kitu ambacho simu inakijua. Chukua muda kwenye simu, uhifadhi kama milisekunde tangu 1970 kwa saa za UTC, saa ya pamoja ya dunia, sisi tupo saa 3 mbele yake. Kwenye kioo ndio uigeuze iwe saa yetu. Hesabu yake nyepesi: saa ya simu jumlisha 6, gawa kwa 12, chukua baki. Baki likiwa sifuri, ni saa kumi na mbili. Nane jumlisha sita ni kumi na nne, baki mbili: saa mbili. Kumi na tisa inakupa saa moja. Asubuhi, mchana au usiku utaongeza mwenyewe kufuata ile saa ya simu.

Haji: Lakini simu za pwani nyingine saa zake zimepotea. Imezimika siku tatu, imewashwa bila laini, inasema mwaka mwengine kabisa.

Salma: Ndiyo maana naweka nyakati mbili, ule ulioletwa na simu na ule seva ilipopokea. Zikipishana kwa miaka, najua pa kutazama. Sizifuti hata moja.

Haji: Kilo zenyewe nahifadhi kwa gramu, namba nzima, na pesa kwa shilingi nzima. Jumlisha 0.1 na 0.2 kwenye namba za desimali za kompyuta, utapata 0.30000000000000004. Mtu wa mizani hataki kuisikia hadithi hiyo.

Salma: Muulizaji mmoja ametuletea swali, nalisoma kwa kifupi. Anasema programu yake haina kosa kwenye simu yake, lakini wateja wanalalamika fomu inajifuta wakienda kupiga picha.

Haji: Naujua ugonjwa huo. Kamera inataka kumbukumbu nyingi. Simu yenye RAM ndogo inaitafutia nafasi kamera kwa kuiua programu yako iliyo nyuma. Mtu kapiga picha ya mizani, anarudi, fomu nyeupe. Kwenye simu yako ya gharama hutaiona kamwe. Nenda kwenye mipangilio, taarifa za simu, gusa nambari ya muundo mara 7, menyu ya wasanidi itafunguka. Humo kuna swichi ya kutohifadhi shughuli, yaani kila ukurasa wa programu unafutwa kwenye kumbukumbu mara tu ukiuacha. Iwashe, kisha utumie programu yako kama mteja kwa siku moja. Utalia. Halafu jaribu na lile la pili: iweke programu nyuma, kwenye kompyuta tumia adb, chombo cha kuiamuru simu, uiue kwa "am kill", kisha uirudishe.

Salma: Na tiba?

Haji: Mimi kila sehemu ikijazwa naandika rasimu kwenye hifadhidata, pale pale, bila kusubiri "Hifadhi". Kwa sababu namba ya rekodi ilishatungwa fomu ilipofunguliwa, rasimu ina pa kukaa. Na nilinunua simu iliyokwishatumiwa na mtu, kuukuu, kioo kina ufa, pale Darajani. Sitoi toleo kabla halijapita humo. Kabla sijaanza majaribio nachovya kidole kwenye kikombe cha maji ya chumvi.

Salma: Nimeliona hilo kombe mezani kwake. Nilidhani anasukutua koo.

Haji: Vitufe pia vimekua. Google wanashauri eneo la kugusa lisipungue dp 48, dp ni kipimo cha Android cha ukubwa wa vitu kwenye kioo. Kile cha "Hifadhi" mimi nimekipa upana wa kioo kizima, na nimekitenga mbali na "Futa".

Salma: Vilikuwa karibu?

Haji: Usiniulize, Da Salma.

Salma: Basi tuishie hapo, mimi boti yangu ya Mkoani inaondoka asubuhi. Nitumie toleo jipya usiku huu. Nitaandika rekodi moja hapa bandarini Malindi nikiwa na mtandao, nizime data kabla haijajibu, nyengine niandike katikati ya bahari, halafu niwashe nikishuka Pemba.

Haji: Seva ikionesha rekodi mbili, tumepona.

Salma: Na ikionesha tatu?

Haji: Usinipigie. Andika tu, nitaisoma nikishapata nguvu.