Kwa Nini Filamu za Safari za Anga Hujikokota

Ndugu mwenyekiti, wapenzi wa sinema, hamjambo. Najua humu ndani wamo walioanza kutazama 2001: A Space Odyssey wakasinzia kabla hata ya kuona chombo cha anga. Siwalaumu. Katika filamu hiyo ya Stanley Kubrick, ya mwaka 1968, zinapita kama dakika 25 kabla mtu hajatamka neno. Kubrick mwenyewe, baada ya kuionyesha mara ya kwanza huko Marekani, alirudi kuihariri akapunguza karibu dakika 19. Na bado mnalalamika!

Lakini niwaulize: angani utaonyeshaje umbali? Barabarani ni rahisi, miti inarudi nyuma, vituo vya mafuta vinapita. Angani chombo kinaweza kwenda kwa kasi ya kutisha na kwenye kioo kikaonekana kimesimama, maana nyota hazisogei. Kinachobaki ni muda wa mtazamaji. Mkalishe kitini, naye ataamini kwamba mmefika mbali.

Ndiyo maana simwelewi anayenitolea mfano wa Gravity ya Alfonso Cuarón, ya 2013, ati ile inakwenda mbio. Lazima iende mbio. Kisa chake kiko kilomita mia kadhaa tu juu ya vichwa vyetu, na Dunia imejaa kwenye kioo. Dakika 91 zinaitosha. Watu wa Kubrick wanakwenda Jupiter.

Tena tazameni Kubrick anachovuna katika kujikokota huko. Mwanaanga Frank Poole anatoka nje kurudishia kifaa cha antena. Muziki hakuna. Tunasikia pumzi zake ndani ya kofia, ndani, nje, ndani, nje, mpaka zinakera. Mara HAL, kompyuta ya chombo, inakielekeza kwake kile kichombo alichotokea nacho, na sauti yote inakatika. Kama pumzi zile zingekuwa za sekunde tano, ukimya huo usingemshtua mtu. Kisha wenzake watatu waliolazwa usingizi wa safari wanauawa bila damu wala ukelele: mistari ya vipimo vya miili yao inanyooka, skrini inaandika kwamba uhai umekoma. Sijaona mauaji ya kikatili zaidi katika sinema.

Si kila mwendo wa kobe ni ustadi, lakini. Katika Solaris ya Andrei Tarkovsky, ya 1972, gari linapita kwenye barabara na mahandaki ya Tokyo kwa dakika kama tano, na bado tuko duniani! Safari yenyewe ya anga inamalizika haraka mno. Wapo wanaosema uchovu wa safari ameuhamishia barabarani. Hoja nzuri, ila mimi kitini nilihisi foleni tu.

Kubrick anajua pa kukata. Wanaanga wake wanapohojiwa na BBC, mtangazaji anaeleza kwamba maneno yalichukua dakika saba kukifikia chombo, ila huo muda wa kusubiri umeondolewa. Mtu asiyetuhurumia kwa pumzi za Poole ametuhurumia hapo, kwa sababu kusubiri jibu la mahojiano hakumtishi yeyote.

Fundi, tuwekee kipande cha Poole. Maswali baadaye.